La Palina El Diario baada ya kupumzishwa: ni biri iliyobadilika, au ni ulimi wangu?

Mtu wa Houston

Ndugu wanajamvi, naomba maoni ya wenye uzoefu wa biri za kusokotwa kwa mkono, hususan wale waliowahi kuvuta La Palina katika awamu hii ya pili ya uhai wake.

Kwa wasioifahamu, La Palina ilianzishwa Chicago mwaka 1896 na Samuel Paley, mhamiaji Myahudi kutoka Ukraina, na picha inayoonekana kwenye masanduku yake ni ya mkewe, Goldie. Biashara ilihamia Philadelphia, na huko mtoto wao, William S. Paley, akaanza kuitangaza biri hiyo redioni, jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa wakati huo hawakulitilia maanani. Mauzo yaliongezeka zaidi ya maradufu. Familia ikavutiwa na redio kuliko tumbaku, na mwaka 1928 ikachukua umiliki wa mtandao mdogo wa vituo vya redio ambao ndio CBS ya leo, shirika la utangazaji la Marekani. Nembo yenyewe ilififia baadaye hadi ikatoweka madukani, na ilikaa hivyo mpaka mwaka 2010, mjukuu wa Samuel, Bill Paley, alipoirudisha sokoni.

Nilionja El Diario miaka michache baada ya ufufuo huo. Hii ni ile inayosokotwa Danlí, Honduras, katika kiwanda cha Raíces Cubanas, kwa jani la nje la Honduras na majani ya ndani ya Nicaragua. Kwa ulimi wangu wa wakati ule ilikuwa kali mno: pilipili manga ilitangulia, ikakaa katikati, na bado ilikuwapo nilipoiweka chini. Nikaiandika katika orodha ya biri za watu wengine, si zangu, nikaendelea na safari yangu.

Mwaka huu rafiki alinishawishi niirudie, nikaagiza sanduku la Robusto, yaani zile fupi na nene, nalo likafika kwa posta katikati ya joto la Texas. Biri ya kwanza niliiwasha jioni ile ile. Iliungua upande mmoja, ikazimika, ikahitaji kuwashwa upya, na kila ilipowashwa upya iliacha uchungu uliokaa kwenye kuta za mdomo mpaka baada ya chakula. Zilizobaki nikazifungia kwenye kasha la mwerezi, nikashughulika na mengine kwa wiki kadhaa.

Nilipozirudia nilikuta kitu kingine kabisa. Pilipili bado ipo, lakini sasa inajitokeza zaidi puani wakati wa kutoa moshi, na baada ya dakika chache za mwanzo inasogea kando. Nyuma yake kuna kakao isiyo na sukari, harufu ya ngozi, mbao, na kuelekea nusu ya biri unakuja utamu mdogo wa korosho zilizobanikwa. Majivu yalikaa imara mpaka nilipoyaangusha mwenyewe, na mstari wa moto ulikuwa sawa pande zote.

Swali langu ni hili. Je, mapumziko peke yake yanaweza kuleta tofauti ya kiasi hicho, au mchanganyiko wa majani umebadilishwa tangu nilipoionja zamani, au ni mimi niliyebadilika? Na kama ni mapumziko, ni nini hasa kinachotokea ndani ya biri iliyokaa tu kwenye kasha bila kuguswa, na mtu anapaswa kungoja mpaka lini kabla ya kutoa hukumu?

Mzee Kiko

Ndugu wa Houston, sanduku lako limekupa funzo ambalo wengi hulikosa kwa sababu humaliza biri zote kabla hazijatulia. Kuvuta biri siku iliyotoka posta ni kupakua pilau kabla hujaipalia makaa: mchele umo, viungo vimo, na maji nayo bado yamo.

Nianze kiwandani, maana huko ndiko unyevu unakoingia. Tumbaku kavu haisokotwi. Ukiikunja inavunjika vipande vipande. Kwa hiyo kabla ya kazi majani hulowanishwa kwa mvuke au kwa maji yaliyopulizwa kama ukungu, hasa jani la nje, ambalo ni lazima lilegee na kuvutika ili lizunguke biri bila kuacha mikunjo. Biri inapotoka mezani kwa msokotaji huwa na maji mengi kuliko yanayofaa kwa moto. Ndiyo maana kila kiwanda kinachojiheshimu kina chumba kilichozungushiwa mbao za mwerezi, ambacho kwa Kihispania huitwa escaparate, na humo biri hukaa wiki nyingi, pengine miezi, zikitoa maji polepole na kubadilishana harufu. Urefu wa muda huo hutegemea subira ya mwenye kiwanda na haraka ya mwenye oda.

Baada ya hapo kuna safari, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya uliyoyaona jioni ile ilitoka safarini. Kifurushi kimekaa kwenye lori lenye joto mchana, kikaingia ghala lenye kiyoyozi usiku, kikatoka tena. Jani la nje ni jembamba na liko wazi, kwa hiyo hupokea na kutoa unyevu upesi. Majani ya ndani yamebanwa na huchelewa. Ukiiwasha biri katika hali hiyo unawasha tabaka tatu zenye maji tofauti, yaani jani la nje, jani la kufungia lililo chini yake na majani ya ndani, na moto hufuata njia iliyo kavu zaidi. Upande mmoja unakimbia, mwingine unabaki. Penye maji mengi, joto la moto hutumika kwanza kuyageuza kuwa mvuke, ncha inapoa, mvutaji anaona inataka kuzima, anavuta kwa nguvu na kwa haraka, joto linapanda ghafla kupita kiasi, na moshi unakuwa mchungu. Mtu huulaumu mchanganyiko wa majani, ilhali mchanganyiko haujapata hata nafasi ya kujieleza.

Ndani ya kasha lililotulia, lenye unyevu wa kati ya asilimia 65 na 69, tabaka zote hatimaye hufikia kiwango kimoja. Hilo tu, bila kemia ya ajabu, linatosha kueleza mstari wa moto ulionyooka, majivu yaliyoshikamana, na uchungu uliopungua.

Kemia nayo ipo, lakini huenda polepole zaidi. Kabla ya kusokotwa, tumbaku hulundikwa katika marundo makubwa yanayoitwa pilones, na uzito wa majani pamoja na unyevu wake huzalisha joto ambalo katikati ya rundo huweza kupita nyuzi 45. Wafanyakazi hulibomoa rundo na kulijenga upya ili majani ya nje yaingie ndani, na kazi hii hurudiwa mpaka joto lishuke lenyewe. Katika uchachushaji huo protini huvunjika na amonia hutoka. Ukiingia ghala lenye marundo mapya macho yanakuwasha. Majani mazito ya juu ya mmea, yale yanayoipa biri nguvu, yanahitaji muda mrefu kuliko mengine kumaliza shughuli hiyo, na mabaki yake yanaweza kuendelea kutoka hata baada ya biri kusokotwa. Njia ya kupima ni rahisi: kabla ya kukata ncha, inusie upande wa kuwashia. Ukipata harufu kali inayochoma ndani ya pua, irudishe kasha. Ukipata harufu ya nyasi kavu, mbao au kakao, iko tayari.

Utaona kwamba katika yote haya sijasema hata mara moja kwamba mapumziko huongeza ladha. Kakao na ngozi ulizozikuta zilikuwamo siku ya kwanza. Kilichoondoka ni kile kilichozifunika. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewasikia watu wakinunua biri dhaifu kwa bei ya chini wakitumaini kwamba kasha litaifanya nzuri, na kasha halina uwezo huo.

Kuzeesha ni habari nyingine, yenye kipimo cha miaka. Biri yenye nguvu kama El Diario ina mengi ya kupoteza kabla haijawa maji matupu, kwa hiyo huvumilia. Biri nyepesi yenye jani la nje la Connecticut, lile la rangi ya mchanga na ladha ya upole, ukiiweka miaka mingi, unaweza kuifungua ukakuta harufu ya sanduku na kumbukumbu ya tumbaku.

Mama wa Ruwi

Shikamoo Mzee Kiko. Nimefaidika na maelezo, hasa hayo ya moto kutafuta njia kavu, lakini naona hapa kuna jambo limerukwa, nalo ni la mantiki kabla ya kuwa la tumbaku.

Ndugu wa Houston amelinganisha mara mbili. Kwanza amelinganisha El Diario ya miaka ile na El Diario ya sanduku hili. Pili amelinganisha biri ya kwanza ya sanduku hili na zile za baadaye za sanduku hilo hilo. Ulinganisho wa pili ndio unaoweza kujibu swali la mapumziko, kwa kuwa majani ni yale yale, mikono iliyosokota huenda ni ile ile, na kilichobadilika ni muda na unyevu. Ulinganisho wa kwanza hauwezi kumpa jibu lolote la uhakika. Katikati kuna mavuno kadhaa, na tumbaku ya Jamastrán huko Honduras au ya Estelí huko Nicaragua haitoki sawa kila mwaka, kama ambavyo karafuu za Pemba hazitoki sawa. Kuna ulimi wake uliozoea makali zaidi. Kuna hata alichokula kabla ya kuvuta. Ningemshauri auweke pembeni kabisa.

Vilevile tuwe waangalifu na jina. Watu husema "nimeirudia La Palina" kana kwamba ni biri moja. Toleo la kwanza la ufufuo, la mwaka 2010, lilisokotwa Nassau, Bahamas, katika nyumba ya Graycliff. El Diario ikafuata kutoka Danlí. Mwaka 2012 ikaja Goldie, inayosokotwa Miami katika El Titan de Bronze, karakana ndogo iliyoko mtaa wa Calle Ocho, na ndani yake mna medio tiempo, yaani yale majani machache ya kileleni ambayo si kila mmea huyatoa. Nchi tatu, majengo matatu, mashamba tofauti, jina moja. Aliyekutana na Goldie akaipenda hana ushahidi wowote kuhusu El Diario, na aliyeudhiwa na moja hana haki ya kuihukumu nyingine.

Nina neno pia kwa wale wanaodhani kwamba nembo iliyofufuliwa huleta ladha ya babu. La Palina ya miaka ya 1920 ilitangazwa kwa kujivunia jani lake la nje la kutoka Java, na ilikuwa biri ya watu wa kawaida, iliyouzwa kwa wingi mno. Anayevuta ile ya Danlí leo havuti kitu hicho. Alichorudisha Bill Paley ni jina, picha ya bibi yake na hadhi ya familia. Majani alianza upya. Mimi sioni ubaya katika hilo, na kwa kweli naona ni afadhali, kwani tumbaku ya sasa ya Honduras na Nicaragua haina sababu ya kuinamia ile ya zamani, lakini tusiiuzie dunia hadithi ya ladha iliyolala miaka mingi ikaamka.

Njia ya kumaliza ubishi wa ulimi ni hii. Mwombe mtu wa nyumbani azivue pete za karatasi biri mbili: moja iliyopumzika, na nyingine ya ukubwa ule ule iliyotoka dukani wiki hii. Akupe moja jioni moja na nyingine jioni inayofuata, saa ile ile, baada ya chakula cha aina moja, asikwambie ipi ni ipi. Andika unachokionja kabla hujauliza. Haitakuwa maabara, kwa sababu sanduku la duka linaweza kuwa la mavuno mengine, lakini itakuwa bora kuliko kujua jibu kabla ya kuwasha kiberiti.

Kuhusu hali ya hewa, sisi wa Muscat taabu yetu ni kiyoyozi. Nje ni joto na unyevu wa bahari, ndani ni baridi kavu, na biri inayohamishwa kutoka kwenye gari kwenda sebuleni hupasuka jani la nje kwa sababu tabaka za ndani zimevimba ilhali ganda limesinyaa. Kasha likae chumba kimoja, mbali na mdomo wa kiyoyozi, na lisifunguliwe kila mgeni anapokuja.

Seremala wa Tanga

Nawasalimu wote. Mimi si mvutaji mkubwa, ila nimetengeneza makasha ya biri kwa wateja wa hoteli na watu binafsi, na naona mbao zimetajwa juu juu tu.

Mwerezi unaotumika kwenye makasha haya ni Cedrela odorata, mti wa Amerika ya kitropiki ulioletwa Tanzania kwa ajili ya mbao. Uliota vizuri kupita matarajio. Katika msitu wa hifadhi wa Kimboza, Morogoro, umeenea kiasi cha kuisonga miti ya asili, na wahifadhi wanahangaika kuuondoa. Kwa seremala ni mbao nyepesi, isiyopindapinda ikikaushwa vizuri, yenye harufu tamu ya viungo, na muhimu zaidi kwa mada hii, hunywa unyevu hewa inapokuwa nzito na kuutoa hewa inapokauka. Kasha zuri linafanya kazi kwa sababu kuta zake zenyewe ni akiba ya maji. Ndiyo maana kasha jipya halifai kuwekwa biri siku hiyo hiyo: mbao kavu zitazinyonya biri. Wengine huwafundisha watu kupangusa ndani kwa kitambaa chenye maji. Mimi sipendi, kwa sababu uso wa mbao huvimba na viungo hufunguka. Weka pakiti za kudhibiti unyevu ndani ya kasha tupu, lifunge, na ulipe wiki mbili.

Naomba mtu asichanganye mwerezi huu na mtarakwa wa milimani, ule wa Usambara na nyanda za juu za Kenya uliotumika zamani kutengenezea penseli. Nao una harufu nzuri, lakini mafuta yake ni makali na yanahamia kwenye tumbaku. Nilimwona mteja mmoja aliyetengenezewa kasha la mtarakwa mahali pengine. Biri zake zote zilikuwa na ladha ya penseli, na hakuna mapumziko yaliyoweza kuiondoa.

Kwa sisi wa pwani, ushauri wa vitabu vya biri umekaa kichwa chini miguu juu. Vitabu vinaeleza namna ya kuongeza unyevu, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi zenye majira ya baridi na nyumba zinazopashwa joto. Tanga, Mombasa au Unguja hewa ya kawaida hupita asilimia 75, na shida ni kuuzuia. Hapo ndipo zile pakiti zinazotoa na kupokea unyevu zinapofaa, na ningechagua za 65 kuliko za 69. Ukungu wa kijivu au wa kijani wenye manyoya ukiuona kwenye jani, biri hiyo imekwenda. Kuna wanaosema kwamba vumbi jeupe ni mafuta ya tumbaku yaliyoganda na ni dalili ya uzee mwema. Mara nyingi mno ni kuvu tu, na mimi singeiweka mdomoni.

Adui mwingine ni mbawakavu wa tumbaku, Lasioderma serricorne. Mayai yake huweza kuwamo ndani ya majani tangu ghalani, hayaonekani kwa macho, na joto ndilo linaloyaamsha. Kasha likikaa kati ya nyuzi 18 na 21 wadudu hao hawana mwendo. Likikaa nyuzi 28, ambayo ni sebule ya kawaida ya Tanga, unaweza kufungua siku moja ukakuta matundu madogo ya duara na unga wa kahawia chini ya biri. Mwenye wasiwasi afunge biri zake kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, aziweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku tatu au zaidi, kisha azihamishie sehemu ya kawaida ya jokofu kwa siku moja kabla ya kuzitoa, ili jani la nje lisipasuke kwa mabadiliko ya ghafla. Halafu aanze kuhesabu mapumziko upya.

Mtu wa Houston

Nawashukuru sana, nyote watatu. Mama wa Ruwi, umenifungua macho kuhusu ile milinganisho miwili, na ya miaka ile nimeifuta kwenye daftari.

Jaribio la pete nimelifanya, mke wangu akiwa msimamizi mkali. Biri ya jioni ya kwanza niliandika kwamba ina pilipili nyingi mdomoni na mwisho wake mkavu. Ya jioni ya pili niliandika kakao na mbao, na pilipili ya puani tu. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya dukani. Natambua kwamba biri mbili si ushahidi wa mahakamani, lakini tofauti ilikuwa ya upande niliotarajia na ilikuwa wazi tangu dakika kumi za mwanzo. La kustaajabisha kidogo ni kwamba ile ya dukani iliungua sawa kabisa, bila kuinama, kwa hiyo haikuwa na shida ya maji ya safari. Bado ilikuwa na makali zaidi.

Jambo la pili ni kipima unyevu. Kabla ya kuamini tarakimu zake nilifanya lile jaribio la chumvi: nilitia chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, nikadondoshea maji mpaka ikawa tope zito bila maji kuelea juu, nikaiweka pamoja na kipimo ndani ya mfuko uliofungwa usiku kucha. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hiyo hukaa asilimia 75. Kipimo changu kilisoma 71. Maana yake biri zangu, nilizodhani zimepumzika kwenye 65, zilikuwa kwenye 69 au karibu na hapo.

Nina maswali mawili ya mwisho. Je, nizivue selofani, ile karatasi angavu inayofunika kila biri, au niziache? Na je, Goldie, ambayo nimepata chache, nayo inahitaji muda kama huu?

Mzee Kiko

Marahaba, Mama wa Ruwi, na hoja yako ya ulinganisho naikubali yote.

Selofani hupitisha unyevu, ila kwa kuchelewesha. Ikiwa biri zimetoka safarini na unataka zitulie upesi, zivue. Ikiwa unataka kuziweka muda mrefu, au kasha lako lina biri za aina nyingi ambazo hutaki ziazimane harufu, ziache. Selofani ina faida moja ndogo ninayoipenda: hugeuka rangi ya kahawia taratibu kadiri mafuta ya tumbaku yanavyoingia, hivyo ukikuta dukani biri ambayo selofani yake imekuwa kama chai, unajua kwamba mapumziko umeshalipiwa na mwenye duka.

Hiyo ya dukani iliyoungua sawa lakini ikawa kali ni habari muhimu kuliko unavyofikiri, kwa sababu inatenganisha mambo mawili niliyoyaeleza kwa pamoja. Unyevu wake ulikuwa sawa, na makali bado yalikuwapo. Basi sehemu ile ya makali si maji, ni majani yenyewe, na hiyo huondoka kwa miezi, si kwa wiki. Kwa El Diario ningeendelea kungoja. Shusha kasha lako liwe 65 ya kweli, vuta moja kila baada ya muda mrefu, na ukiona biri mbili zinazofuatana hazina tofauti, mapumziko yamekwisha na unaweza kuhukumu. Wala mtu asidhani kwamba makali yakipungua madhara nayo yamepungua. Moshi ni moshi.

Mama wa Ruwi

Kuhusu Goldie, jibu fupi ni kwamba inategemea unene. Toleo la kwanza lilikuwa jembamba, na biri nyembamba husawazisha unyevu mapema kuliko Robusto, kwa kuwa njia ya maji kutoka katikati kwenda nje ni fupi. Zilizofuata kuna zilizo nene na ndefu. Mpangilio wa ladha zake ni wa upole kuliko El Diario, hauna pilipili ya kutosha kukulazimisha ungoje, kwa hiyo mimi ningezipa muda wa kutulia safari tu, kisha ningezivuta zikiwa bado na harufu yake ya juu, ambayo ndiyo unayoilipia.

Kwa kuwa una chache, andika kwa penseli chini ya kila sanduku au kwenye kipande cha karatasi ndani yake tarehe uliyoipokea, duka ulilonunua na usomaji wa kipimo uliokwisha sahihishwa. Usitumie kalamu ya wino wenye harufu, wala usibandike lebo ya gundi ndani ya kasha. Na biri za El Diario zilizobaki uzigeuze zile za chini zije juu kila unapofungua, maana katika kasha dogo unyevu wa sakafuni na wa karibu na kifuniko haulingani hata kipimo kikisema vinginevyo.